Kaskazini ya Darasa la Sita

Katika shule za Kasongo, mwalimu hamalizi sentensi yake. Huianza, huifikisha karibu na mwisho, kisha huinua sauti na kuiacha ikining'inia ili darasa zima limalizie silabi iliyobaki. "Mti hupumua kwa maja…" husema mwalimu. "Ni," huitikia watoto hamsini. Sauti hiyo husikika hadi barabarani, na wazazi wanaopita na baiskeli zao huridhika kwamba elimu inaendelea. Ni mapokeo yenye manufaa kwa pande zote. Mwalimu hupata uhakika kwamba watoto hawajalala, watoto hupata uhakika kwamba mwalimu hana hatari, na hakuna anayelazimika kuonyesha anachokijua.

Emilienne, mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya msingi kando ya barabara ya Nyangwe, alikuwa ameyaacha mapokeo hayo tangu mwaka uliotangulia, alipokuwa bado akifundisha darasa la nne. Hakuyaacha kwa sababu ya semina. Aliyaacha kwa sababu ya mwanafunzi aitwaye Clovis, ambaye alipata alama zote katika swali la maji kuchemka kwa nyuzi mia, kisha akamfuata uani na kumwuliza kwa adabu kama maji yaliyochemshwa jana, yakapoa, bado yana zile nyuzi mia ndani yake. Emilienne alirudi nyumbani bila kumjibu. Tangu hapo akawa anauliza badala ya kuanzisha sentensi. Umejuaje? Tungejuaje kama si kweli? Nionyeshe. Na jambo lililowakera wenzake kuliko yote, alikuwa anangoja jibu.

Kungoja huko kulikuwa na gharama yake. Darasa la sita lilikuwa likinyamaza kwa muda mrefu, na shule iliyonyamaza humtia mzazi wasiwasi, hasa mwaka wa mtihani wa taifa. Komite ya wazazi ikamwendea direkta, mkuu wa shule. Msemaji wake alikuwa rais wa komite, Djafari, mwenye duka la chumvi, sabuni na vitambaa karibu na soko, mtu wa mojawapo ya zile familia za Kiislamu zilizokaa mjini tangu zama za misafara. Binti yake, Faridah, alikuwa darasa hilo. Ombi la komite lilikuwa fupi: darasa la sita apewe Ruphin, mwalimu wa darasa la tano, aliyesifika kwa imla, Emilienne ateremshwe darasa la kwanza.

"Bwana Direkta," alisema Djafari, "kila jioni ninamuuliza mutoto: mama, leo Madamu amekufundisha nini? Unajua ananijibu nini?"

"Sijui."

"Ananijibu: Baba, leo tumeulizwa. Mimi sikumutuma kule kuulizwa. Kuulizwa, hata askari wa kizuizi cha barabarani anauliza."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani ameanza kuniuliza mimi. Juzi ameniuliza chumvi yangu inatoka wapi. Nikasema Bukavu. Akaniuliza, na watu wa Bukavu wanaitoa wapi? Mbele ya wateja."

Direkta aliitwa Marcellin, naye hakuwa adui wa maswali. Alikuwa tu ameona mengi. Kwa uzoefu wake, mbinu mpya hufika Kasongo ndani ya gari la mradi, hukaa wiki moja kwenye karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani, na huondoka na gari hilo hilo. Karatasi hubaki, nazo hazipotei bure, kwa kuwa wauza karanga huzihitaji. Alimwahidi Djafari kwamba jambo hilo lingeamuliwa Jumamosi, mbele ya watu, ili mtu yeyote asije akasema liliamuliwa ofisini.

Jumamosi ndiyo siku ya selile. Walimu wa shule hukusanyika, mmoja wao hufundisha somo la mfano akiwa na wanafunzi wake, wengine hukaa nyuma na kumkosoa baadaye. Desturi inataka somo hilo lifundishwe kwanza siku ya Ijumaa, kwa siri inayojulikana na wote. Watoto hujua nani atajibu nini, na nani atakosea mara moja ili mwalimu apate nafasi ya kumsahihisha kwa upole. Anayechaguliwa kukosea huwa ndiye hodari kuliko wote, maana kukosea vizuri si kazi ya kila mtu. Jumamosi somo huenda bila kikwazo, kama chakula cha jana kilichopashwa moto, na wakosoaji, ambao wiki nyingine watapasha cha kwao, husifu mapishi.

Marcellin alimwita Emilienne ofisini na kumweleza yote bila kupunguza. Somo lingekuwa la jiografia, mto Lualaba. Djafari angekuwepo. Likienda vizuri, angebaki na darasa lake. Likienda vibaya, Jumatatu Ruphin angeingia.

"Una siku ya Ijumaa," alisema. "Ninasema tu kwamba unayo."

"Nikiwafundisha Ijumaa, Bwana Direkta, Jumamosi nitawauliza nini?"

"Utawauliza ulichowafundisha Ijumaa. Ndivyo tunavyofanya."

"Basi nitakuwa nimejua wanakumbuka jana."

"Mitihani mingi haitaki zaidi ya hapo." Marcellin alipanga kalamu zake. "Madamu Emilienne, darasa la kwanza si adhabu. Watu wanaishi kule."

Emilienne alikuwa mtoto wa wakulima wa mpunga, hakuzoea kusema mengi mbele ya meza. "Nusu ya watoto hawa hawataenda sekondari," alisema. "Wavulana wataenda Salamabila kuchimba dhahabu. Kule mutu anasimama juu ya shimo na kuwaambia: ingieni, halianguki. Mimi ninataka wamuulize, umejuaje. Nimebakiza nao miezi minne tu. Ukinipa darasa la kwanza, hawa watakuwa wameenda."

Marcellin alimkumbusha saa ya kuanza.

Siku ya somo, walimu walikaa kwenye mabenchi ya nyuma, wameupa mgongo ukuta wa matofali yenye matundu, ambamo jua la asubuhi huingia na kuwapiga watoto visogoni. Mbele kulikuwa na ubao, na juu ya ubao ramani ya Afrika, ambayo watoto huiita karte, ya zamani kiasi kwamba nchi kadhaa zilikuwa na majina ambayo hazikuyatumia tena. Mito, hata hivyo, ilikuwa mahali pake. Djafari alikuja na kanzu ya Ijumaa, ingawa haikuwa Ijumaa. Akaketi kando ya Marcellin.

"Lualaba inatoka wapi, inaenda wapi?" aliuliza Emilienne.

Darasa likajibu kwa pamoja kwamba Lualaba hutoka kusini na kuelekea kaskazini. Lilijibu kwa Kifaransa, lugha ambayo huzikinga sentensi nyingi za shule zisieleweke upesi. Ruphin aliitikia kwa kichwa. Sentensi ilikuwa yake. Aliwapa mwaka uliopita, nayo ilikuwa imehifadhika bila kuharibika.

"Vizuri. Nionyesheni kaskazini."

Mikono hamsini ikanyooka, karibu yote kuelekea ubaoni. Michache ilielekea darini. Mwalimu wa darasa la pili naye alinyoosha wake, kisha akajikuna nao kichwa.

"Sonia, umejuaje?"

Sonia, msichana wa benchi la kwanza, aliona swali ni jepesi mno. "Iko juu ya karte, Madamu."

Emilienne akaitungua ramani, akawapa watoto wawili waishike kwenye ukuta wa kushoto. "Na sasa?"

Mikono ikaanza kuifuata, ikasita njiani, mingine ikarudi ubaoni, mingine ikashuka.

"Kaskazini imehama?"

"Hapana, Madamu."

"Ilikuwa kule, mukasema ni kule. Karte imekuja huku, mukono umekuja huku."

Kicheko kikapita chini kwa chini. Kisha Iliasi akasimama. Alikuwa mtoto wa wavuvi wa Nyangwe, akikaa mjini kwa shangazi yake kwa ajili ya shule, na alikuwa na tabia ya kusimama kabla ya kuruhusiwa. "Madamu, kama kaskazini iko juu ya karte, basi Lualaba inapanda mulima."

"Wewe unasema inapanda?"

"Mimi sisemi. Sentensi ndiyo inasema."

Ruphin alikohoa. Emilienne hakuitetea sentensi wala hakuishtaki. "Wewe umeuona mto," alimwambia Iliasi. "Ukisimama Nyangwe, pale mitumbwi inapofungwa, ukiyaangalia maji, yanaenda mukono gani?"

"Wa kuume."

"Na jioni, jua linaenda wapi?"

"Linaingia ng'ambo. Mbele yangu kabisa. Linatuchoma macho tukivuta nyavu."

"Keti. Usiyasahau hayo mawili." Akaligeukia darasa. "Tunajua nini juu ya jua?"

Hilo pia lilikuwa na sentensi yake: hutoka mashariki, huingia magharibi.

"Sasa hivi liko wapi?"

Watoto wakageuka. Jua lilikuwa nyuma, likipenya kwenye matundu juu ya vichwa vya walimu, ambao hawakuzoea kutazamwa wakati wa selile na wakakaa vizuri zaidi.

"Kwa hiyo nyuma ni nini?"

"Mashariki."

"Na mbele, mulisema ni kaskazini. Angalieni karte. Mutu akielekea kaskazini, mashariki inamukalia wapi? Nyuma?"

Hapo akanyamaza. Ukimya huo ulikuwa mrefu kuliko heshima inavyoruhusu mbele ya wageni. Djafari alimtazama Marcellin, kama mtu anayeonyesha kidonda. Marcellin alitazama saa. Mtoto mmoja alisimama, akaitazama ramani, akaketi. Mwingine alinyoosha mikono yote miwili kama anayepimwa shati, akaanza kuzunguka polepole.

"Mukono wa kuume," alisema Sonia hatimaye. "Inamukalia mukono wa kuume."

"Basi geuka wewe mpaka jua liwe kuume kwako."

Sonia akageuka. Waliokuwa karibu naye wakageuka, kisha safu, kisha darasa zima, mabenchi yakilia sakafuni, hadi watoto wote wakawa wameyaelekea madirisha ya ukuta wa kulia. Nje ya madirisha hayo kulikuwa na kiwanja cha mpira, na mwisho wa kiwanja, choo.

"Kumbe kaskazini ni chooni," ilisema sauti moja.

"Inapitia chooni," alisahihisha Iliasi. "Inaendelea."

Walicheka wote isipokuwa Emilienne na direkta. "Inawezekana tumekosea mara ya pili," alisema Emilienne. "Tutajuaje kama hatukukosea? Iko kitu kingine chochote hapa Kasongo ambacho hakihami?"

Faridah alinyoosha mkono. Hakuwa mtoto wa kusema ovyo. Hata nyumbani, kabla ya mwaka huo, alisifiwa kwa kunyamaza. "Kibla," alisema. "Kibla haihami."

"Iko wapi?"

Faridah akaelekeza dirisha la mwisho la ukuta ule ule, lililo karibu na kona ya nyuma. Mkono wake haukutafuta, ulijua. "Ni ile. Iko mashariki."

"Mashariki si tumesema iko nyuma?" alisema Iliasi. "Jua liko kule kwa walimu. Wewe unaonyesha dirisha."

"Nyumbani tunasema Kibla iko mashariki. Baba ndiye anasema."

Nyuso hamsini zikamgeukia Djafari.

Ni lazima isemwe kwamba Djafari hakuwa peke yake. Familia za Kiislamu za Kasongo husema hivyo, nazo zina sababu. Babu zao walitoka mashariki, wakalivuka ziwa, wakaja kwa miguu. Dini ilikuja kwa njia hiyo, Kurani ilikuja kwa njia hiyo, hata mpunga ulikuja kwa njia hiyo. Kila kilichoheshimika kilitoka upande mmoja, na isingependeza Makka iwe upande mwingine. Lakini waliojenga msikiti wa kwanza walikuwa watu wa safari, wenye kuzisoma nyota, nao waliujenga ukuta wa Kibla mahali ulipopasa kuwa. Wajukuu wakarithi ukuta na wakarithi neno, wakavitunza vyote viwili kwa uaminifu, na haikutokea siku ambapo kimoja kililazimika kutoa ushahidi juu ya kingine.

Djafari alisimama. "Madamu," alisema kwa sauti ya chini, "unawafundisha watoto kwamba musikiti wetu umepinda?"

Marcellin aliiweka kalamu chini. Alikuwa amekwisha kuona kichwani mwake ujumbe wa wazee wakiwa wamevaa kofia, na ujumbe wa pili ukienda kwa wakubwa wake. Emilienne naye aliyaona hayo. Alikuwa Mkristo, na hakuna jibu ambalo kinywani mwake lingekuwa jema. Akisema ndiyo, angeutukana msikiti. Akisema hapana, angekuwa ameyafuta yote ambayo watoto walikuwa wameyapata kwa kuzunguka kwao, naye angerudi kuwa mtu wa sentensi.

"Sijasema hivyo, Baba Faridah. Mimi sijawahi kusali mule. Wewe unasali mule kila siku. Ninaweza kukuuliza?"

"Si ndiyo kazi yako."

"Ukimaliza sala ya alfajiri, ukabaki umekaa palepale mpaka jua litoke, linakupiga wapi?"

Djafari akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtarajia kulifanya mbele ya walimu: aliligeukia dirisha alilolionyesha binti yake, akasimama kama asimamavyo katika safu, na kufumba macho. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe hadi shavuni, ukatangulia ulimi.

"Huku," alisema. "Shavu la kuume. Linaingilia madirisha ya upande huu." Akafumbua macho. "Mikeka ya upande huu ndiyo inapauka. Mimi ndiye ninaibadilisha."

"Na kama Kibla ingekuwa mashariki, jua lingekupiga wapi?"

"Machoni."

Emilienne alingoja. Djafari alitazama dirisha, kisha matundu ya ukuta wa nyuma, kisha dirisha tena.

"Halijanipiga machoni," alisema. "Maisha yangu yote, hata siku moja."

"Basi musikiti ndio umepinda kweli?" aliuliza Iliasi, naye shangazi yake angemkana kama angekuwepo.

"Nyamaza, wewe wa samaki," alisema Djafari, lakini bila hasira. Alikuwa na shughuli nyingine. "Kimoja kimepinda. Au ukuta, au sisi tunaosema."

"Baba," alisema Faridah, "Makka iko kwenye karte. Tuangalie."

Waliilaza ramani sakafuni. Watoto walibishana jinsi ya kuiweka, na Emilienne aliwaacha wabishane, hadi Sonia alipoivuta ili ubavu wake wa mashariki uelekee jua na kichwa chake kielekee madirishani. Faridah akapiga magoti. Akaitafuta Makka pembeni mwa ramani, ambako mchoraji alichora kipande cha Arabuni kwa sababu nafasi ilibaki. Akaweka ncha moja ya rula Kasongo na ncha ya pili Makka. Kisha akanyanyuka ili asiizuie.

Djafari alikuja mbele. Alichuchumaa nyuma ya rula, akafumba jicho moja kama fundi anayepima ukuta. Rula ilielekea dirishani. Haikuelekea dirisha la katikati, ambako ndiko kaskazini yenyewe, wala haikuelekea nyuma kwenye jua. Ilielekea dirisha la mwisho, karibu na kona. Aliinuka, akalisogelea dirisha hilo, akatazama nje, akarudi na kuchuchumaa tena. Darasa lilimngoja kama lilivyozoea kungojwa.

"Musikiti uko sawa," alisema. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa kitu ambacho kwa robo saa hakuwa na hakika kama bado ni chake. "Wazee walijua. Sisi ndio tumekuwa tukisema vibaya."

"Makka iko wapi, basi?" aliuliza Emilienne.

"Kaskazini," alisema rais wa komite ya wazazi. "Kaskazini, na mashariki kidogo." Akasita. "Usiniulize nimejuaje. Nimeona."

"Na Lualaba?"

Swali hilo lilikuwa la darasa, na Iliasi alikuwa amelingoja tangu mwanzo. Akaja akasimama ukingoni mwa ramani, upande wa mashariki, kama aliye Nyangwe, akauelekea ubao. "Jua linaingia mbele yangu," alisema. "Maji yanaenda kuume. Kuume ni dirisha. Basi yanaenda kaskazini, kama sentensi ilivyosema."

"Yanapanda?"

Iliasi aliitazama ramani iliyolala. "Hayapandi. Tuliitundika karte ukutani, ndiyo maana."

Kengele ikalia, yaani rimu ya gurudumu ikagongwa kwa nondo, na somo likaisha bila neno hata moja ubaoni.

Watoto walitolewa nje, na ukosoaji ukaanza. Desturi inamtaka aliyefundisha ajikosoe mwenyewe kwanza, ili wengine wapate pa kuanzia. Emilienne alisema kwamba hakufika kwenye tawimito, hakuandika muhtasari, na alimwachia Iliasi aseme kuliko wengine. Wote waliona kwamba ni kweli.

Ruphin alikuwa wa kwanza. "Kwa mwendo huu, mwezi wa sita watakuwa wanajua mto mumoja."

"Ni vile," alisema Emilienne.

"Na mtihani unauliza sentensi, Madamu. Hauulizi choo cha shule kiko upande gani."

"Sentensi walikuwa nayo, Mwalimu Ruphin. Umewapa vizuri, hakuna aliyeikosea. Mimi nimewaongezea upande tu."

Mgeni hana ruhusa ya kukosoa, lakini Marcellin alimpa Djafari nafasi, kwa kuwa shauri lilikuwa lake. Djafari alisimama, akainyoosha kanzu.

"Nilikuja hapa kuomba aondolewe," alisema. "Kila mutu anajua. Sasa ninataka kujua jambo moja. Mwalimu Ruphin, mwaka jana, ukiwapa sentensi ile, ulikuwa unawaonyesha kaskazini ni wapi?"

"Nilikuwa ninaonyesha kwenye karte."

"Na karte ilikuwa wapi?"

"Pale utawala ulipoitundika."

Walimu walimtazama direkta. Marcellin alikiri kwamba utawala ndio ulioitundika, na kwamba uliitundika hapo kwa sababu ya msumari.

"Mimi sisemi anafundisha haraka," alisema Djafari. "Hafundishi haraka. Lakini angenijibu swali langu pale niliposimama, sasa hivi tungekuwa na ugomvi mjini, na mimi ningekuwa mbele. Ameniuliza mambo ya nyumbani kwangu, na mimi ndiye nimejibu. Komite inaondoa ombi. Aandike kidogo ubaoni, ndiyo tu. Mama yake Faridah anapenda kuona maandishi."

Marcellin hakutoa hotuba. Bado hakuamini mbinu. Hakuwa na desturi ya kuziamini. Aliamini alichokiona, nacho kilikuwa watoto hamsini waliogeuka mmoja baada ya mwingine bila kuambiwa wageukie wapi, na katika miaka yake yote ya selile hakuwahi kuona somo ambamo yeye mwenyewe hakujua jibu linalofuata. "Madamu Emilienne anabaki na darasa la sita hadi mtihani," alisema. "Dakika kumi za mwisho, muhtasari ubaoni, kwa Kifaransa. Tawimito ni Jumatatu."

"Muhtasari nitunge mimi, Bwana Direkta, au wautunge watoto, mimi niandike?"

Marcellin alifikiri. "Uwe sahihi," alisema, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa ruhusa.

Watoto hawakuwa wamekwenda nyumbani. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, wakijifanya wanacheza. Emilienne alipotoka na funguo mkononi, walisimama wote, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza, jambo lisilokuwa la kawaida yao.

"Tunabaki pamoja," aliwaambia. "Mpaka mtihani. Jumatatu tutaangalia mito inayoingia Lualaba."

Furaha yao ilikuwa ya kelele, kisha ikatawanyika kuelekea barabarani pamoja nao. Faridah aliondoka na baba yake, ambaye alikuwa akitembea polepole, akisimama mara kwa mara kutazama jua lilipofika. Sonia peke yake alibaki nyuma, akichora kitu ardhini kwa kidole cha mguu.

"Madamu, Luama inaingia Lualaba?"

"Inaingia."

"Bibi yangu anakaa Kabambare, kando ya Luama. Likizo tunafua naye pale." Aliendelea kuchora. "Jioni, sabuni inaelea, inaenda. Na kule inakoenda ndiko jua linaingia. Ninaona kabisa, povu linakuwa jekundu."

Emilienne alikitazama kidole kilivyokwenda.

"Basi Luama inaenda magharibi," alisema Sonia. "Inatoka kule jua linakotoka, inakuja kukutana na Lualaba inayopita." Aliunganisha mstari mmoja na mwingine ardhini, akautazama mchoro, akaridhika nao. "Hiyo hujatuuliza bado."

"Sijawauliza."

"Jumatatu ukiuliza, mimi nitanyamaza kwanza. Ili na wengine watafute."

Akaenda zake akikimbia kuwafuata wenzake. Emilienne alibaki kidogo akiutazama mchoro, ambao ulikuwa sahihi, kisha akafunga mlango wa darasa na kushika njia ya nyumbani, akiwa na njaa na bila haraka yoyote.